Maswali ya Wasomaji: Saa za Kuuza Bia Uingereza

Tangu tuandike kwamba leseni ya kuuza bia Uingereza hutaja saa kamili za mauzo, barua zimemiminika. Wengine wana ndugu wenye maduka huko, wengine wanasoma historia, na mmoja anaandaa harusi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Habari za kazi, wahariri. Mdogo wangu ana duka Leicester. Leseni yake inaruhusu bia kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5 usiku, naye anataka duka lifanye kazi usiku kucha kwa ajili ya maziwa, mikate na sigara. Je, ikifika saa 5 lazima afunge?

Hapana, duka libaki wazi. Ila ashike jambo moja, kwa sababu karibu kila barua tuliyopokea imejikwaa hapo hapo. Sheria ya saa za bia inaweza kusimamisha vitu vitatu tofauti: mlango kuwa wazi, bia kuuzwa, na bia kunywewa. Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, inayotumika Uingereza na Wales tangu Novemba 24, 2005, inasimamisha kuuza. Ndiyo maana fomu ya maombi ina sehemu ya saa za kuuza kileo, na sehemu nyingine ya saa ambazo mahali hapo pako wazi kwa umma. Aangalie nakala yake: sehemu ya pili ikisema saa 5 usiku, maombi yalijazwa kwa kunakili mstari wa juu, na hilo linahitaji marekebisho kabla hajaanza kukesha.

Kutouza peke yake hakutoshi. Kifungu cha 137 kinafanya kuwa kosa kuanika kileo kwa ajili ya kuuzwa wakati ambao leseni hairuhusu. Kwa hiyo ikifika saa 5 usiku friji za bia zifunikwe. Wengi hutumia pazia la kuviringisha linaloshuka hadi chini na kufungwa kwa kufuli, pamoja na kibao kinachosema mauzo ya vileo yamesimama hadi saa 2 asubuhi. Friji huwa hazisahauliki. Kinachosahaulika ni kreti za ofa zilizopangwa sakafuni karibu na mlango, na zile chupa chache zilizo nyuma ya kaunta. Mfanyakazi wa zamu ya usiku apewe orodha ya sehemu zote zenye kileo, aifuate kwa kuzunguka duka zima, kisha aandike saa na jina lake kwenye daftari. Sheria inampa mwenye duka utetezi iwapo kosa lilitokana na mtu mwingine au bahati mbaya, mradi yeye alichukua tahadhari zote za busara. Daftari hilo ndilo litakalomsemea.

Mambo mawili zaidi. Akitaka kuuza chai au chakula cha moto kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, hiyo ni shughuli nyingine inayohitaji kutajwa kwenye leseni. Na kama duka lina zaidi ya mita za mraba 280, Sheria ya Biashara ya Jumapili ya mwaka 1994 inamruhusu kufungua kwa muda wa saa 6 tu mfululizo siku ya Jumapili, kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni, hata kama leseni ya bia inasema saa 5 usiku. Maduka madogo hayaguswi na sheria hiyo.

Mteja akiwa kwenye foleni saa 4:58 usiku na bia mkononi, halafu zamu yake ikafika saa 5:02, auziwe? Kazini kwetu tumegombana juu ya hili.

Asiuziwe. Tunaelewa kwa nini inaonekana ukatili, kwani mtu amekwisha chukua bidhaa na amesimama kwa adabu. Lakini kisheria hajanunua kitu bado. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililieleza hili mwaka 1953, katika kesi iliyohusu duka la dawa la kampuni ya Boots huko Edgware, mojawapo ya maduka ya mwanzo ambako mteja alijichukulia mwenyewe kutoka rafuni. Swali lilikuwa hili: mauzo hutokea mteja anapoweka kitu kwenye kikapu, au anapofika kaunta? Mahakama ikasema bidhaa iliyo rafuni ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa pendekezo la kununua anapofika kwa keshia, na keshia ndiye anayekubali au kukataa. Mauzo yako kaunta.

Kwa hiyo saa inayohesabika ni ile ya kaunta, na ushahidi wake umechapwa kwenye risiti. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mashine ya malipo ikiwa nyuma kwa dakika 4, risiti itasema 4:59 huku kamera ya usalama ikionyesha 5:03, na ofisa akija ataviweka viwili hivyo pamoja. Saa za vifaa vyote ziwekwe zijirekebishe zenyewe kupitia intaneti, na zilinganishwe angalau mara moja kwa wiki. Kisha bidhaa zote za kileo zipangwe katika kundi moja ndani ya mashine, na kundi hilo lifungwe lenyewe saa ikifika. Bidhaa mpya ikiingizwa bila kuwekwa kwenye kundi, mashine itaiuza hata usiku wa manane. Kila mzigo mpya ukiingia, jaribuni kopo moja baada ya saa ya kufunga muone kama linakataliwa.

Kuhusu adabu kwa mteja: tangazeni dakika 10 kabla, na tena dakika 5 kabla. Atakayekosa baada ya hapo hakuonewa.

Adhabu yenyewe si ya kupuuza. Kifungu cha 136 kinataja kifungo cha hadi miezi 6, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Linalotokea mara nyingi zaidi ni polisi kuomba leseni ipitiwe upya, na halmashauri kupunguza saa. Duka lililokuwa likiuza hadi saa 5 linarudishwa saa 3, na mauzo ya saa mbili hizo hayarudi kirahisi.

Leseni ya bosi wangu imeandikwa "Ijumaa 10:00 hadi 01:00". Mimi nimeelewa kwamba ni saa 7 usiku wa Ijumaa. Mwenzangu anasema ni usiku wa Jumamosi. Nani yuko sahihi?

Nyote wawili mnaweza kuwa sahihi kwa Kiswahili, na ndiyo hatari yake. Wapo wanaohesabu siku kuanzia magharibi, hivyo wakisema "usiku wa Ijumaa" wana maana ya usiku unaofuata jioni ya Alhamisi. Wapo wanaofuata kalenda ya ofisini. Leseni inahesabu siku ya biashara: mnafungua Ijumaa saa 4 asubuhi, mnaendelea kuuza hadi saa 7 usiku wa kuamkia Jumamosi. Tumieni neno "kuamkia" kwenye ratiba za zamu, nalo litamaliza ubishi. Ratiba ikiandikwa kwa saa za Kiswahili, andikeni pembeni tarakimu kama zilivyo kwenye leseni, 10:00 na 01:00. Kijana mgeni akisoma "saa 4 hadi saa 7" bila kingine, anaweza kufungua saa 10 alfajiri.

Usiku wa Oktoba ambao saa hurudishwa nyuma, saa moja hujirudia: ikifika saa 8 usiku inakuwa saa 7 usiku tena. Msiuze katika hiyo saa ya pili kwa kubahatisha. Kama mnaihitaji, iombwe na iandikwe katika sehemu ya fomu iliyotengwa kwa saa zisizo za kawaida, pamoja na mkesha wa mwaka mpya.

Je, oda ya bia inayowekwa mtandaoni saa 8 usiku inavunja sheria?

Kuipokea oda hakuvunji. Kifungu cha 190 kinasema mauzo huhesabiwa yamefanyika mahali ambapo bia imetengwa kwa ajili ya mnunuzi, yaani pale inapotolewa kwenye rafu, ikawekwa kando na kuandikwa jina la oda. Kituo cha simu kinachopokea maagizo hakihitaji leseni. Ghala ambako chupa zinachaguliwa na kutumwa linahitaji, na linafungwa na saa zilizo kwenye leseni yake.

Kwa vitendo: tovuti ipokee oda usiku kucha, lakini karatasi ya kukusanyia bidhaa isichapwe hadi saa ya leseni ifike. Makosa huanza pale mfanyakazi wa usiku, akitaka kumrahisishia wa asubuhi, anapopanga masanduku tayari saa 11 alfajiri. Nia yake ni njema, lakini bia imekwisha tengwa nje ya saa.

Shikamooni. Nina harusi ya binti yangu katika ukumbi wa kanisa huko Uingereza, Jumamosi tarehe 20. Ukumbi hauna leseni. Tunataka kuuza bia na mvinyo hadi saa 6 usiku. Naambiwa ni fomu moja tu?

Marahaba, na hongera. Ni fomu moja kweli, inaitwa taarifa ya tukio la muda. Ada yake ni pauni 21, na mtu yeyote mwenye umri wa miaka 18 na zaidi anaweza kuitoa, hata asiye na leseni binafsi ya kuuza kileo. Tukio lisizidi saa 168, na watu waliomo kwa wakati mmoja wasizidi 499, wahudumu na wapiga muziki wakiwamo. Nakala inakwenda halmashauri, polisi, na idara ya afya ya mazingira. Ukituma kwa njia ya mtandao kupitia halmashauri, wao ndio wanaosambaza.

Tutakaa kidogo kwenye tarehe, kwa kuwa hapa ndipo sherehe nyingi zinapokwama. Sheria inataka siku 10 kamili za kazi. Neno "kamili" lina uzito: siku ambayo taarifa inapokelewa haihesabiwi, wala siku ya tukio haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili si siku za kazi, na sikukuu za benki, yaani sikukuu za umma huko, pia si siku za kazi. Hesabu kurudi nyuma kutoka Jumamosi tarehe 20: Ijumaa 19 ni ya kwanza, na Jumatatu 15 ni ya tano. Endelea Ijumaa 12, ambayo ni ya sita, hadi Jumatatu 8, ambayo ni ya kumi. Kwa hiyo taarifa iwe imewafikia Ijumaa tarehe 5 kwa kuchelewa kabisa. Kukiwa na sikukuu moja ya benki katikati, sogeza iwe Alhamisi tarehe 4. Kuiweka posta tarehe 5 hakusaidii kitu. Kinachohesabika ni kuwafikia.

Ukichelewa, ipo taarifa ya dharura inayokubalika kati ya siku 9 na 5 za kazi kabla, ambayo kwa hesabu yako mwisho wake ni Ijumaa tarehe 12. Lakini tunakusihi usiitegemee. Kwa taarifa ya kawaida, polisi au idara ya mazingira wakipinga, unapata nafasi ya kusikilizwa. Kwa ile ya dharura pingamizi moja tu linaifuta, na hakuna kikao.

Na kama bia itatolewa bure, bila tiketi ya kuingilia wala mchango unaohusiana nayo, hapo hakuna mauzo. Fomu huenda usiihitaji kwa ajili ya bia, ingawa muziki na chakula cha moto baada ya saa 5 usiku vina masharti yake. Piga simu idara ya leseni ya halmashauri, uwaeleze kwa mpangilio nini kitauzwa na nini kitagawiwa.

Katika kusoma historia nimekuta kwamba zamani baa za Uingereza zilifungwa mchana na kufunguliwa tena jioni. Kwa nini? Na ni kweli msafiri aliruhusiwa kunywa wakati wengine wamefungiwa?

Vyote viwili ni kweli, na vinaonyesha vizuri jinsi sheria ilivyohama kutoka kusimamisha kitu kimoja kwenda kingine.

Anzia mwaka 1830. Bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu mwenye nyumba yeyote anayelipa kodi ya mtaa kuuza bia kwa rejareja, kwa leseni ya gini 2 (fedha ya zamani ya Uingereza) kutoka idara ya ushuru, bila kupita kwa mahakimu. Nyumba za bia zikazuka kila kona. Breki iliyowekwa ilikuwa saa: zisifunguliwe kabla ya saa 10 alfajiri, zisipite saa 4 usiku, na Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi zifungwe saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, tena saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni. Ukizitazama hizo nafasi mbili za Jumapili utaona ni saa za ibada. Mwaka 1840 saa za kufunga zikategemea idadi ya watu: London saa 6 usiku, miji yenye zaidi ya watu 2,500 saa 5, kwingine saa 4. Muuza bia aliyekuwa kwenye mpaka wa mji mdogo alihitaji kujua sensa ili ajue saa ya kulala.

Msafiri alihurumiwa kwa sababu nyumba hizo ndizo zilikuwa pa kupumzikia njiani. Tatizo likawa nani ni msafiri. Sheria ya 1874 ikajibu kwa kipimo: alikolala usiku uliopita pawe umbali wa angalau maili 3, karibu kilomita 4.8, kwa njia ya karibu zaidi ya umma. Mtu aliyetaka bia Jumapili asubuhi akatembea maili 3 hadi kijiji jirani, na wa kijiji hicho akatembea maili 3 kuja kwake. Muuzaji naye alibaki kumuuliza kila mgeni amelala wapi. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 1921.

Kufunga mchana kulitokana na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 serikali iliunda Bodi Kuu ya Udhibiti wa vileo, kwa hofu kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanakunywa mchana na kurudi kazini wamelewa. Katika maeneo yaliyowekwa chini yake, saa za kawaida zikawa 5 na nusu tu kwa siku: saa 6 mchana hadi saa 8 na nusu, halafu saa 12 na nusu jioni hadi saa 3 na nusu usiku. Vita vikaisha, mapumziko ya mchana yakabaki. Sheria ya 1921 iliongeza saa ziwe 8 kwa siku, 9 kwa London, lakini pengo la mchana likaendelea hadi 1988, na Jumapili hadi 1995.

Wakati huo wote sheria ilishughulika na kunywa pia. Kuanzia 1961 mteja alipewa dakika 10 za kumalizia glasi yake baada ya saa ya mwisho, na 1988 zikawa 20. Sheria ya 2003 haina dakika hizo, kwa kuwa kunywa si shughuli inayohitaji leseni, kuuza ndiko kunakohitaji. Mtu akinunua saa 4:59 usiku, anaweza kukaa na glasi yake mpaka saa ya kufunga mlango iliyo kwenye leseni ya baa hiyo. Kwa maoni yetu hili ni bora, kwa sababu dakika 10 zilimfundisha mtu kumeza upesi.

Mfano mbaya kabisa wa kumezesha watu upesi uko Australia. Mwaka 1916 majimbo ya South Australia, Victoria, New South Wales na Tasmania yalifunga baa saa 12 jioni, na New Zealand ikafuata 1917. Mfanyakazi aliyetoka kazini saa 11 alibaki na saa moja. Kaunta zikarefushwa, viti vikaondolewa, kuta zikawekwa vigae vya kuoshwa kwa maji, na bia ikamiminwa kwa mpira wenye bomba ili mhudumu asogee kwenye glasi badala ya glasi kwenda kwake. New South Wales iliachana nayo 1955, Victoria 1966, South Australia na New Zealand 1967.

Nina maduka mawili, moja Carlisle na lingine Dumfries, ng'ambo ya mpaka wa Uskoti. Naweza kutumia saa zilezile?

Huwezi. Uskoti ina sheria yake ya mwaka 2005, na bia ya kwenda nayo nyumbani inauzwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 4 usiku tu. Bodi ya leseni inaweza kukupa saa pungufu, lakini haiwezi kukupa zaidi ya hizo. Hakikisha mashine ya malipo ya Dumfries haichukui mpangilio wa Carlisle kila programu inapojisasisha.

Nataka kuhamisha saa zangu za bia: badala ya saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku, ziwe saa 5 asubuhi hadi saa 5 usiku. Ni lazima nilipe maombi makubwa?

Kama duka liko Uingereza au Wales, hapana. Jumla ya saa zako haiongezeki, ni 12 kabla na 12 baada, na hazivuki saa 5 usiku wala kuanza kabla ya saa 1 asubuhi. Hayo yanaingia kwenye marekebisho madogo, ada pauni 89. Unabandika tangazo jeupe la A4 mahali linaposomeka kutoka nje kwa siku 10 za kazi, na halmashauri inajibu ndani ya siku 15 za kazi. Ukiongeza hata nusu saa kwa siku moja ya wiki, hayo si madogo tena: tangazo linakuwa la bluu hafifu, linakaa siku 28 mfululizo kuanzia kesho yake baada ya kuwasilisha, na tangazo jingine linatoka kwenye gazeti la eneo lako ndani ya siku 10 za kazi. Tangazo likianguka kwa upepo na likakaa chini siku mbili, unaweza kuambiwa uanze kuhesabu upya. Libandike kwa ndani ya kioo na ulipige picha kila asubuhi, tarehe ionekane.